Sura ya Tisa: Michirizi Miwili Myeusi

Mkuu wa Kituo aliliweka jalada mezani kwa Msumari saa mbili asubuhi, akalisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayemrudishia jirani sahani iliyopasuka.

"Saa tisa alasiri liwe kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Dereva wa mikate. Uendeshaji wa uzembe uliosababisha kifo. Kesi imeiva, wewe bado unachochea kuni za nini?"

"Imeungua nje tu, afande. Ndani mbichi."

"Kamgonga fundi baiskeli mchana kweupe, mashahidi sita wanaangalia."

"Na wote sita wanasema alifunga breki mapema. Mzembe hafungi breki hatua arobaini kabla ya mtu."

"Basi alikuwa anakimbia."

"Kwa mwendo gani? Nani aliupima?"

Mkuu alitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama tangu mwaka juzi, kisha akatazama ya mkononi. "Saa tisa," alirudia, akatoka.

Msumari ni jina alilopewa chuoni na wenzake wapelelezi. Walisema akishapigiliwa mahali hang'oki bila kupinda kitu. Alichukua jalada, akashuka ngazi kwenda mahabusu.

Dereva alikuwa pale siku ya tatu. Akifikishwa mahakamani kwa kosa lile, leseni ingekwenda, kazi ingekwenda, na yeye mwenyewe angekwenda miaka si michache. Alikuwa ameketi kwenye sakafu, viatu kavivua na kuvipanga ukutani kama yuko mlangoni kwa watu.

"Nieleze tena," Msumari alisema.

"Dada, hii mara ya nne."

"Turuke ya nne, nieleze ya tano."

Dereva alicheka bila kutaka. "Nilitoka mjini na mikate. Nikapita kituo cha mafuta, nikapita njia panda ya machimbo ya kokoto. Manyunyu yalikuwa yameanza, hayafiki dakika kumi. Nikamwona fundi anavuka, gurudumu begani. Nikakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari likaendelea. Kama mtu aliyeteleza bafuni na sabuni mkononi."

"Mwendo?"

"Hamsini. Mikate ikikimbizwa inabondeka, duka haliipokei."

"Hiyo barabara umeipita mara ngapi?"

"Miaka kumi na moja. Kila siku ila siku niliyooa."

"Siku hiyo hukupita?"

"Nilipita jioni."

"Kuna kilichobadilika?"

"Waliitengeneza, miezi mitano sasa. Zamani ilikuwa na mashimo, tukapiga kelele. Sasa tunayatamani mashimo. Shimo unaliona, dada. Hili lililopo sasa hulioni."

Kabla ya kutoka kituoni Msumari alipitisha kidole katika daftari la matukio. Miezi mitano, magari saba yameacha njia katika kipande kile kile. Yote siku za mvua. Yote yakitoka mjini, hakuna hata moja lililokuwa likirudi. Mwaka mzima kabla ya matengenezo: gari moja, na dereva wake alikuwa amelewa chakari. Mtu aliyekuwa akiyaandika matukio hayo aliandika lile lile mara saba kwa mwandiko mzuri, "uzembe wa dereva", akafunga daftari akaenda kunywa chai.

"Hii ndiyo inayonichosha," Msumari alimwambia Sajenti, mtu mzima mwenye goti bovu na majibu ya haraka. "Mashimo yenyewe tunayaona. Kuhesabu ndiyo kazi."

Alilifunga daftari. "Lete gari. Na ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji, Sajenti. Ya nini tena?"

*

Barabara ilikuwa kavu na nzuri ya kutazama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake. Walisimamisha gari pembeni, mahali ambapo wananchi walikuwa wameweka jiwe jeupe pale fundi alipoangukia. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka pale, kufuli mlangoni, baiskeli za watu zimeegemezwa nje zikisubiri mtu wa kuzitengeneza.

Msumari alichuchumaa. Upande unaotoka mjini ulikuwa na michirizi miwili myeusi, kila mmoja upana wa gurudumu la lori, inang'aa kama kikaango kilichopakwa mafuta. Katikati ya michirizi rangi ilikuwa kijivu, na kokoto zilijitokeza kama zinavyotakiwa. Alipitisha kiganja katikati: kilikwaruzwa. Akakipitisha kwenye mchirizi: kiliteleza. Alichukua ufunguo wa gari akaukandamiza kwenye weusi ule. Ufunguo ulizama kidogo, ukaacha alama ya meno yake.

"Mwaga maji."

Sajenti alimwaga. Msumari alivua kiatu kimoja, akafunga ndani yake jiwe kubwa kwa leso, akakivuta kwa kamba juu ya sehemu ya kijivu. Ilimbidi avute kwa nguvu. Alipokihamishia kwenye mchirizi, kiatu kilimfuata kama mbuzi mwenye njaa.

"Mkandarasi kaiba lami," Sajenti alisema papo hapo. "Wizi tu. Umalize hapa, ukamkamate, tule mchana."

"Akiiba lami, itakuwa nyingi au kidogo?"

"Kidogo."

"Hii ni nyingi au kidogo?"

Sajenti aliangalia ufunguo uliojaa lami. "Nyingi," alikiri. "Labda ni mwizi mkarimu."

Msumari alivaa kiatu, akatembea kuelekea mjini, macho chini. Alihesabu hatua mia tatu na ishirini. Michirizi iliishia kwenye njia panda ya machimbo. Kutoka pale hadi kituo cha mafuta barabara ilikuwa ya kijivu kotekote, kokoto zimeshika vizuri, ingawa iliwekwa wiki ile ile na mkandarasi yule yule. Alirudi, akavuka upande wa magari yanayorudi mjini. Huko kulikuwa na kivuli cha michirizi tu, hafifu.

Lori la kokoto, tipa kubwa lenye shehena hadi ukingoni, lilitoka njia ya machimbo, likakata kona, likaenda zake upande usioelekea mjini. Halikukaribia kabisa kituo cha mafuta. Jingine likafuata. Jingine tena.

"Yanaenda wapi haya?"

"Kwenye ujenzi wa reli," Sajenti alisema. "Yanapeleka kokoto huko tangu mwaka jana."

"Yanakwenda yamejaa, yanarudi matupu. Ndiyo maana upande huu mweusi na ule mweupe. Kaa hapa nusu saa uyahesabu. Na ukiona gari linakuja kasi, lipungie lipunguze. Wingu lile silipendi."

"Na goti langu?"

"Lihesabu pia."

Msumari aliporudi kutoka kununua maji ya kunywa, Sajenti alikuwa amechora mistari kwenye kiganja kwa kalamu. Tipa ishirini na moja. Alimwacha pale na ndoo na fulana ya kung'aa, akaendesha mwenyewe kwenda ofisi ya barabara.

*

Mhandisi wa matengenezo alikuwa na ofisi yenye ramani tatu na kiti kimoja cha wageni chenye miguu mitatu na nusu. Alikuwa mwembamba, mpole, na alizungumza kama mtu anayetarajia kukatizwa.

"Mimi sikuiba kitu," alianza.

"Sijakuuliza. Nieleze kwa nini mliweka kile mlichoweka."

Alitoa pumzi. "Barabara ikichoka una njia tatu. Uzibe mashimo tu, usubiri yafumuke tena. Umwage lami nyembamba na kokoto juu yake. Au uweke tabaka zima jipya, nene. Ya tatu inaweza kudumu miaka kumi na tano, lakini bei yake ukiisikia unakaa chini. Ninayo bajeti ya mbwa na nimepewa ng'ombe wa kulisha."

"Kwa hiyo unachagua rahisi."

"Hapana! Ndiyo wote mnavyosema. Nachagua inayofaa. Napiga hesabu ya barabara na hesabu ya wanaopita. Matairi yao, mafuta yao, muda wao, ajali zao. Barabara ya bei rahisi, watumiaji huilipia. Ninayajua hayo kuliko wewe. Kompyuta inapima yote, inasema: kwa magari haya, hii."

"Kwa magari yapi?"

Alimwonyesha karatasi. Hesabu ya magari, siku saba, saa kumi na mbili kila siku, mahali: nguzo ya kilomita iliyo mbele ya njia panda. Magari madogo, pikipiki, mabasi. Malori mazito: kumi na tisa kwa siku.

Msumari alisoma mara mbili. "Na lami ulimwaga kiasi gani?"

"Inategemea. Malori yakiwa machache unamwaga nyingi kidogo ili kokoto zishike. Yakiwa mengi unapunguza, maana magurudumu yenyewe yanazikandamiza ndani. Kwa kumi na tisa, niliandika lita moja na nusu kwa kila mita ya mraba, na mkandarasi akamwaga lita moja na nusu. Vijana wangu walipima kwa trei pale pale barabarani. Karatasi hii hapa, saini yangu hiyo."

"Na kama malori yangekuwa mia nne?"

Mhandisi alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mia nne? Kwanza nisingeweka hii kabisa. Ningepigania tabaka nene. Ukiweka hii, kokoto zitazama, lami itapanda juu, na mvua ikinyesha..."

Aliivuta kwake karatasi ya hesabu. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda bila mwenyewe.

"Sajenti wangu kahesabu ishirini na moja kwa nusu saa," Msumari alisema. "Hujawahi kupita pale?"

"Mpelelezi, nina kilomita elfu moja na mia nne na gari moja. Gari lenyewe liko gereji tangu mwezi wa pili. Mimi nasoma fomu."

"Fomu nzuri sana. Nani aliijaza?"

"Mhesabu magari wetu. Yuko barabara ya kaskazini leo. Lakini yule hadanganyi! Yule mama akikuambia punda wawili, ni wawili."

"Nataka nakala za hizi zote. Na kibao cha kutahadharisha madereva pale, leo."

"Kibao kinaombwa kwa barua. Siku kumi, zikienda vizuri."

"Magari saba yameacha njia, mtu mmoja amezikwa jana. Ninaweza kukuandikia barua ya aina nyingine, ndugu yangu, na hiyo hufika siku ile ile."

Mhandisi alianza kutafuta simu chini ya ramani.

*

Njiani kwenda kaskazini Msumari aliipanga kesi yake mpya, akaipenda. Mwenye machimbo hataki barabara ipimwe vizuri, asije akaulizwa uzito wa malori yake. Anampa mhesabu kitu kidogo. Malori mia nne yanageuka kumi na tisa. Hapo kuna mtoaji, kuna mpokeaji, kuna wa kupeleka saa tisa badala ya dereva. Ilikuwa saa sita na nusu.

Mhesabu magari alikuwa mwanamke wa makamo aliyejaa, ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, ubao wa kuandikia mapajani, mwavuli umefungwa kwenye kiti kwa mpira. Alichora mistari minne, akaikata kwa wa tano.

"Karibu, dada, lakini macho yangu sikupi," alisema. "Pikipiki. Basi. Nisipoangalia linanipita."

"Mimi ni polisi."

"Hata mchungaji. Gari dogo. Sema tu, masikio yapo bure."

Msumari alimwonyesha nakala. "Hii ni kazi yako?"

Aliitupia jicho. "Yangu. Siku saba zile, Mungu anazijua. Basi dogo."

"Malori kumi na tisa kwa siku."

"Kama nimeandika kumi na tisa, ni kumi na tisa."

"Leo asubuhi yamepita ishirini na moja kwa nusu saa."

Kalamu ilisimama. Gari likapita bila kuandikwa, mhesabu akaliona limepita, akaguna kwa uchungu kama aliyemwaga maziwa. "Umeniharibia saa yangu. Yamepita wapi?"

"Kwenye nguzo, mbele ya njia panda. Ulipokaa."

"Mimi sikukaa pale."

"Fomu inasema nguzo."

"Fomu huja imeshaandikwa mahali, dada. Mimi najaza mistari." Aliandika pikipiki, akainua uso kwa mara ya kwanza. "Pale kwenye nguzo unapafahamu? Ni uwanda mtupu, hakuna mti, hakuna nyumba. Yule fundi baiskeli, Mungu amrehemu, alikuwa na kibanda tu. Saa kumi na mbili, dada. Siku ya kwanza nilijizuia mpaka nikaona nyota. Mwanamume anageukia kichaka. Mimi nigeukie wapi, magari yananipita nikiyahesabu na yenyewe yananihesabu? Nikamwomba msimamizi wetu wa ofisini hema na choo cha kukodi. Akaniambia choo hakimo kwenye makadirio."

"Ukafanya nini?"

"Nikahamisha kiti. Kituo cha mafuta kina choo kisafi, na yule mhudumu wao ni muungwana. Lori, hilo linahesabika. Nikaona barabara ni ile ile, magari ni yale yale, mwendo wa dakika tano. Nilimwambia msimamizi. Akasema usinisumbue, mradi ni barabara ile."

"Na katikati ya kituo cha mafuta na nguzo kuna nini?"

Mhesabu alifungua mdomo kusema hakuna kitu. Msumari aliona jibu likifika kabla ya maneno. Uso wote ulishuka.

"Njia panda," alisema taratibu. "Ya machimbo."

"Yanatokea pale, yanakata kwenda relini. Wewe umekaa nyuma yao."

"Nilikuwa nasikia mngurumo. Siku zote saba nilisikia mngurumo." Alishika ubao kwa mikono miwili. "Lakini niliambiwa nihesabu yanayopita mbele yangu. Hayakupita mbele yangu."

Magari matatu yalipita. Hakuyaandika. Msumari alisimama pale na kesi yake nzuri mkononi, haina mtoaji wala mpokeaji. Alitafuta swali la ukali, akalikosa.

"Mwenye machimbo amewahi kukupa chochote?"

"Simjui hata kwa sura. Hata mfuko wa kokoto sina." Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Nikiandika haya, kazi yangu inakwisha?"

"Sijui. Inaweza."

"Na nisipoandika?"

"Kuna dereva wa mikate anakwenda jela saa tisa."

Mhesabu alinyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu yako. Yangu imekaribia kwisha, na habari ni ndefu."

*

Mkuu alisoma maelezo yote akiwa amesimama. Saa nane na dakika arobaini alifika mwisho, akarudi mwanzo, akayaweka mezani.

"Mhandisi?"

"Alifuata hesabu aliyopewa."

"Mkandarasi?"

"Alimwaga alichoambiwa."

"Huyu mama?"

"Alikwenda chooni, afande."

"Msimamizi basi! Kisheria nimshitaki nani, Msumari? Kiti?" Alipiga kofi meza. "Nimekupa jalada lenye mshitakiwa, unaniletea jalada lenye jiografia!"

"Msimamizi nimemwandikia ofisini kwake, aje kesho ajieleze. Na mkuu wa ofisi ya barabara. Watajitetea kwa makadirio, na makadirio yalisainiwa na watu kumi. Najua. Siku nzima nimetafuta mtu mbaya, sikumpata. Hakuna aliyetaka kuua. Kila mmoja alibana kidogo."

"Hapa pameandikwa 'jina la mshitakiwa'." Mkuu aligusa nafasi ya juu ya fomu. "Umepaacha patupu. Jalada lisilo na jina halitembei."

"Ndiyo maana nimepaacha. Lisitembee."

Mkuu alifumba macho. Nje mvua ilianza kunyesha, ikagonga mabati. Kisha alichukua kalamu, akaandika kwenye hati ya mahabusu maneno matano, akaisukuma kwake bila kumwangalia.

"Mtoe. Na mpigie Sajenti wako, asimamishe magari pale hata kama ni kwa goti."

Dereva alitoka amevaa viatu bila kufunga kamba, akashukuru ukuta, akamshukuru Msumari, akamshukuru askari aliyekuwa anakula karanga. Alipofika mlangoni alikutana uso kwa uso na mama mmoja mzee aliyekuwa anakunja mwavuli. Walitambuana. Dereva alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. Mama yule alimpisha njia, akamwangalia hadi alipopotea mvuani, ndipo akamgeukia Msumari.

"Shikamoo, mama," Msumari alisema.

"Marahaba. Mimi ndiye mzazi wa fundi." Aliketi bila kukaribishwa. "Mmemtoa."

"Tumemtoa. Hakuwa na kosa, mama. Barabara ndiyo ilikuwa mbovu."

"Mimi sikumchukia yule. Mkewe alikuja msibani, akalia, akaosha vyombo vyetu." Aliweka mwavuli kati ya miguu. "Lakini nilikuwa na mtu. Usiku nikikosa usingizi, nilikuwa na mtu wa kumuuliza. Sasa huyo umemwondoa, na sawa, ni haki. Niletee mwingine."

Msumari alikuwa na jalada chini ya kwapa, nene kuliko asubuhi. Ndani yake kulikuwa na lita kwa mita ya mraba, kulikuwa na malori, kulikuwa na kiti cha plastiki kilichosogezwa mwendo wa dakika tano. Alijaribu kuchagua pa kuanzia.

"Sina, mama," alisema.

"Huna leo, au huna kabisa?"

Msumari alivuta benchi, akaketi karibu naye, akafungua jalada kwenye ukurasa wa kwanza. Mama yule hakuangalia karatasi. Alikuwa anamwangalia yeye usoni, anasubiri jina.